Tupeane uzoefu: Askari rafiki yako aliyefia kazini, unamkumbuka kwa lipi?

FUNDI FUTI (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mvua imenifungia dukani hapa Mbuyuni, Moshi, tangu saa tisa. Wateja hakuna, chai imepoa, na kuna jambo nimekaa nalo miaka tisa. Nimeona leo niliweke mezani.

Uzi huu si wa kuwasafisha polisi, na si wa kuwatukana. Nyuzi za namna hiyo zipo tele, mnazijua zilipo. Ninachoomba ni kimoja tu: kama umewahi kuwa na rafiki, mwenzako wa kazi, mzazi au jirani askari aliyefia kazini, tuambie unamkumbuka kwa lipi. Yale ya kwenye risala ("marehemu alikuwa mchapakazi na mcheshi") tuyaache hukohuko kwenye risala.

Naanza mimi.

Jamaa yangu nitamwita Brashi, maana depo nzima ilimwita hivyo. Tulikutana CCP, chuo cha polisi hapahapa Moshi, majina yetu yakifuatana kwenye orodha, tukapewa kitanda kimoja cha deka, yeye juu mimi chini. Mimi nilitoka Singida, baridi ya Julai ya Moshi nilikuwa siijui. Yeye alikuwa mtoto wa Kibosho. Kwao ni mwendo wa daladala moja, ila kuruta ni kuruta, huendi popote. Asubuhi tukitoka mchakamchaka, jasho linageuka barafu mgongoni, mlima umejifunua, yeye ananinyooshea kidole: "Unaona pale moshi unapotoka? Mama anachemsha maji ya ng'ombe." Mimi nilikuwa sioni moshi wowote. Nilikuwa naona mlima tu na tumbo langu lenye njaa.

Jina la Brashi alilipata wiki ya kwanza. Alikuja na brashi ya viatu ya marehemu baba yake, mpini umepasuka, kaufunga kwa tyubu ya baiskeli. Kila usiku kabla ya kulala alikaa pembeni ya kitanda akasugua buti mpaka taa ya bwenini ionekane kwenye ncha. Mimi nilikuwa nikirudi nimechoka naanguka kama gunia. Siku moja ya ukaguzi mkufunzi akasimama mbele yangu, akaangalia viatu vyangu, akaniangalia usoni, akarudi kwenye viatu. "Nani amekupigia hivi?" Nikakaa kimya, maana hata mimi sikujua. Brashi alisimama kushoto kwangu anatazama mbele kama mlingoti. Alivipiga usiku nikiwa nimelala. Na hakuwahi kusema. Nilikuja kumkamata siku nyingine nilipoamka kwenda kujisaidia.

Basi, maisha yakatupeleka. Baada ya kumaliza kozi tulitawanywa, mimi kanda ya ziwa, yeye Tanga. Baadaye kwa bahati tukakutana tena kituo kimoja kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha. Kituo sikitaji. Mimi trafiki, yeye kazi za kawaida: kaunta, lindo, doria.

Mnajua barabara ile Desemba inakuwaje. Watu wanapanda kwao kula Krismasi, magari yanatoka Dar yamepanga foleni kama siafu, madereva hawajalala tangu Chalinze. Usiku wa tarehe 23 tukaitwa: basi dogo limeligonga kwa nyuma lori lililoharibika. Majeruhi walishaondolewa, wasamaria walishatoa mkono. Tukabaki watu wanne na kazi ya kupima.

Wasiojua: trafiki akifika kwenye ajali lazima achore ramani ya tukio. Unachagua alama isiyohama, nguzo au kalavati, unaipa herufi. Gari liliposimama herufi, breki zilipoanzia herufi. Halafu unapima herufi hadi herufi kwa futi kamba. Futi kamba inataka watu wawili. Mmoja anashika sifuri, mwingine anasoma.

Vikoti vya riflekta vilikuwa viwili. Watu wanne, vikoti viwili. Hilo nililisema wakati ule kwa maandishi, leo silirudii. Mimi nilikuwa nacho kimoja. Brashi hakuwa nacho kwa sababu alikuja kama msaada tu, hakuwa wa kitengo chetu. Alikuwa ametoka kukata matawi ya miti na kuyatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja, kwa umbali mzuri kabisa, pande zote mbili. Alipomaliza akaja akachukua sifuri. Akachuchumaa palepale breki zilipoanzia, akabana kile kidude cha bati kwenye lami kwa kidole gumba. Mimi nikarudi nyuma nikifungua futi, tochi mdomoni, kalamu sikioni. Akaniambia, "Vuta, imelegea." Nikavuta.

Futi ilichomoka mkononi mwangu.

Hicho ndicho nilichokisikia kwanza. Kabla ya mlio wa breki, kabla ya kelele ya watu, niliisikia ile kamba inakimbia kwenye kiganja changu. Nina kovu la mstari mwembamba hapa kati ya kidole cha shahada na gumba, ukinunua bidhaa dukani kwangu utaliona nikikurudishia chenji. Gari lile lilipita juu ya matawi yote.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Mochwari, ving'ora, mkuu wa kituo ananitaka niandike maelezo na mikono inatetemeka. Tulimzika Kibosho, tarehe 28. Ukoo mzima ulikuwa umeshapanda kwa ajili ya sikukuu, kihamba (shamba la ukoo) kimejaa magari ya Dar, watoto wamevaa nguo mpya za Krismasi wanazunguka kaburi linalochimbwa kati ya migomba. Mbuzi walionunuliwa kwa sherehe wakachinjwa msibani. Mama yake alinishika mkono akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa amekula?" Nikamwambia ndiyo, mama, alikula. Alikuwa amekula chipsi kavu saa mbili usiku, na yai moja tuligawana.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Nikafungua duka la vifaa vya ujenzi. Mnaweza kucheka, lakini futi kamba ni moja ya bidhaa zinazotoka sana kwangu, ndiyo maana ya jina langu humu. Mafundi wakija kununua wanapenda kujaribu kwanza. Ananipa ncha: "Mzee, nishikie hapo." Namwita kijana wa dukani ashike.

Karibuni. Tusimalizie kwenye "RIP" tu, tafadhali.

MAMA MAKANDE

Pole sana kaka yangu. Hilo swali la mama limenitoa machozi. Mama ni mama.

Mimi si askari, ni mama lishe, zamani nilikuwa napikia nyuma ya kituo kimoja Arusha mjini. Wateja wangu wakubwa walikuwa wao. Askari anakula kwa daftari, mshahara ukitoka analipa. Wengine wanalipa, wengine wanahamishwa ghafla na deni lako linahamia Rukwa.

Kulikuwa na konstebo mmoja kijana, mpole, hapendi maharage. Kila siku ananiuliza "Leo kuna nini?" na mimi namjibu maharage, anacheka, anakula. Aliuawa na majambazi kwenye lindo la usiku. Nikafungua daftari nikakuta jina lake lina mistari mitatu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nikachora mstari juu nikafuta, nani atadai maiti?

Baada ya wiki wakaja wenzake watano, wamevaa kiraia, wakaniambia mama tuletee daftari. Nikawaambia nimeshafuta. Yule mkubwa wao akasema, "Hapana, mama. Liandike tena, tulipe." Ikabidi niandike upya kwa mkono wangu, mbele yao, wali maharage, wali maharage, ugali maharage, ndipo wakalipa. Walikataa chenji, wakakataa na chai. Sijui kwa nini walitaka niandike tena, lakini daftari lile ninalo.

KIJIWE CHA KALOLENI

Poleni wafiwa. Ila tuseme ukweli, sisi tuliopigwa virungu na kubambikiwa kesi nani atatufungulia uzi? Polisi mnajililia wenyewe.

FUNDI FUTI

Fungua mkuu, nitakuja kuchangia, na nitasema niliyoyaona. Sitanii. Huu waachie hawa.

DEREVA WA VIFODI

Mimi naungana na Kijiwe nusu na mleta uzi nusu. Nimeendesha Hiace ya Arusha na Moshi miaka kumi na moja. Trafiki nawajua kama ndugu wa mke: huwapendi wote, huwakwepi wote.

Sasa kuna mmoja, sajenti, mnene kidogo, anatembea kama ana mawe viatuni. Msiniletee habari za malaika, nilishampa hela kwa mkono wangu huu na akapokea. Lakini alikuwa na wazimu mmoja: tairi. Leseni imekwisha mnaongea. Abiria umezidisha mnaongea. Tairi kipara haongei. Anainama, tumbo linamzuia, anapitisha kiganja kwenye tairi kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani, anainuka: "Hili nimpandishe mama yangu?" Anaandika elfu thelathini na gari linabaki hapo. Abiria wanatukana, konda analia, yeye ameshaenda kwa mwingine. Aliniandikia mara tatu kwa tairi. Mara ya tatu nilimtukana tusi ambalo humu moderata watanifungia. Akaniambia, "Tukana, ila tafuta tairi."

Aligongwa na gari lililokataa kusimama. Habari nilipewa na konda wangu stendi, kwa kicheko kidogo kwanza, kama tunavyoongea stendi, "yule wako wa tairi kaondoka." Tukanyamaza wote wawili.

Msibani sikwenda. Ningejitambulisha nani? Wiki ile nilibadilisha tairi mbili za nyuma, na bosi wangu mwenye gari aliniuliza pesa umeitoa wapi na kwa nini zote mbili kwa mpigo. Nikamwambia zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka.

NYUNDO

Namba yake ya simu ilikuja kupewa mtu mwingine. Naiona wasapu, ina picha ya binti kavaa joho la mahafali. Sijaifuta. Sina la zaidi.

WP WA ZAMANI

Nyundo, nimekuelewa.

Mimi nilikuwa upelelezi Arusha, sasa nimestaafu. Mwenzangu alichomwa kisu akifuatilia pikipiki ya wizi. Alikuwa koplo, mrefu, mwandiko mbaya kupita kiasi, hivyo maelezo yake mengi nilikuwa namwandikia mimi, yeye anasimulia akizunguka meza. Alikuwa na ugonjwa wa neno "muda huohuo". Muda huohuo nilimwona mtuhumiwa, muda huohuo nikajitambulisha, muda huohuo akakimbia. Nilikuwa namwambia afande, wakili atakuuliza mambo yote haya yalitokeaje muda mmoja. Anajibu: "Andika. Ndivyo yalivyotokea." Na kitu kimoja hakuwahi kukisahau, mwisho wa kila maelezo ya ukamataji alinisimamisha: "Umeandika kwamba sikumpiga? Andika: nilimkamata bila kumpiga." Hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Alipofariki alikuwa shahidi kwenye kesi ya wizi wa kutumia silaha, na kesi ikawa bado. Kisheria maelezo ya shahidi aliyekufa yanaweza kupokelewa, wakati ule kilikuwa kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi, ila lazima upande wa pili wapewe nakala na siku kumi za kupinga. Wakapewa. Siku kumi zikapita kimya. Na kwa kuwa niliyeyaandika ni mimi, ikawa mimi ndiye wa kwenda kuyatoa na kuyasoma.

Nimesimama kizimbani mara nyingi maishani, siogopi mahakama. Siku ile nilianza vizuri: "Mimi ni mtajwa hapo juu..." Nikafika kwenye "muda huohuo" ya kwanza, sauti ikanikauka. Ya pili nikakohoa. Ya tatu mheshimiwa akaniuliza kama nahitaji maji. Nikasema hapana, mheshimiwa, muda huohuo naendelea. Mahakama ikacheka, hata mshtakiwa alicheka, nami nikacheka, maana ndivyo angejibu yeye. Nikasoma mpaka "nilimkamata bila kumpiga". Mshtakiwa alitikisa kichwa kukubali. Sitakusahau, kijana, kwa kile kichwa chako, ingawa ulifungwa.

CHOGO LA MBAUDA

WP, umeniweza. Nimesoma niko kwenye daladala, watu wananishangaa.

SAJINI MSTAAFU

Vijana, shikamooni mnaostahili, na marahaba kwa wengine.

Siku ya Kibiti, 13 Aprili 2017, wale askari wanane walipouawa Mkengeni, sisi tuliokuwa mikoa mingine tulikaa na simu mikononi tunasubiri majina. Askari akifa mbali, wote mliopita naye depo mnakuwa wafiwa mpaka orodha itoke. Halafu inatoka, na unajikuta unashukuru kwamba ni mtoto wa mwingine. Hiyo shukrani inauma kuliko msiba. Naipita hapo.

Nilichotaka kusimulia ni cha zamani zaidi. Rafiki yangu wa Marangu, tulikuwa naye doria Arusha wakati ule ujambazi wa silaha umeshamiri. Alipigwa risasi. Huyu bwana kwa miaka sita alikuwa hasemeshani na kaka yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa kihamba. Mpaka wenyewe hatua mbili, migomba minne. Kila tukiwa lindo saa nane za usiku alinisimulia ile migomba minne mpaka nikaijua moja moja kwa majina. Nilimwambia mara nyingi, ndugu yangu, mpe, wewe una mshahara. Ananijibu, "Sajini, siyo migomba. Ni vile alivyoniangalia."

Siku ya mazishi bendera imetandikwa, kofia na mkanda juu ya jeneza, gwaride limesimama. Kaka mtu akaja akipita kati ya watu, ameshika jani la sale. Wachaga wenzangu mnajua, mtu akikujia na sale huwezi kumkataa, umekwisha kusamehe hata kama moyo unachemka. Sasa sale ile alikuwa ameichuma palepale mpakani, kwenye mstari uleule waliokuwa wanagombea, maana ndiyo mipaka yetu inavyopandwa. Akafika, akasimama, hajui ampe nani. Mwenye kupokea yuko ndani ya sanduku. Wazee wakaangaliana. Padri naye akaangalia kitabu chake.

Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa wabeba jeneza, nilikuwa karibu. Nikaipokea. Sikuwa na haki, mimi si wa ukoo, wala si wa Marangu, mimi wa Old Moshi. Nikaipokea kwa mikono miwili nikaiweka chini ya ile kofia. Baadaye mzee mmoja akaniambia nilifanya kosa la mila. Mwingine akaniambia nilifanya sawa. Mpaka leo hawajakubaliana, na mimi sijawauliza tena.

MTOTO WA KOTA

Naomba niandike kwa niaba ya watoto.

Baba yangu alikuwa askari, tulikaa kota, chumba na sebule, choo cha nje cha familia nne. Alifariki nikiwa darasa la sita. Kuhusu baba mwenyewe nitaandika siku nyingine. Leo nataka kumtaja rafiki yake, tulimwita Anko Koplo.

Baba alipoingia SACCOS alikuwa kijana hajaoa, kwenye fomu sehemu ya mteule, yaani wa kulipwa akifa, akaandika jina la mdogo wake. Akaoa, akatuzaa watatu, fomu haikuguswa. Alipokufa baba mdogo akaja na ile fomu kama cheki ya benki. Mama hakujua aanzie wapi. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari wa nani awe msimamizi, uende Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vyetu vya kuzaliwa, barua hii ipelekwe pale, jalada halionekani, njoo Jumatatu. Ofisi sizitaji. Kila "njoo Jumatatu" Anko Koplo alikuwa anatoka lindo la usiku, hajalala, anampakia mama kwenye pikipiki yake. Anakaa naye kwenye benchi. Anasinzia kwenye benchi, mdomo wazi, kofia magotini. Mama akiitwa anamgusa, anaamka anasema "Tuko hapa." Ilichukua zaidi ya mwaka. Majirani wakaanza maneno, mnajua maneno ya kota. Mke wa Anko Koplo akayamaliza siku moja kwa kupanda yeye mwenyewe kwenye hiyo pikipiki, watatu, mama katikati, wakapita mbele ya bomba la maji watu wote wanaona.

Tulipotakiwa kuachia nyumba, yeye ndiye aliyeazima fuso na kubeba kabati. Aliponyanyua kitanda cha baba akakuta filimbi ya kazini imeanguka nyuma, ina vumbi. Akaipuliza kidogo tu, taratibu, ikatoa mlio kama ndege mgonjwa. Akanipa. Akaniambia usiipulize usiku.

Askari mlio humu, kama mteule wako bado ni mtu wa kabla ya ndoa, kesho nenda ukabadilishe. Msisubiri tarehe ya mshahara.

DEREVA WA VIFODI

Kota, mimi si askari lakini nimeenda kuangalia fomu yangu ya SACCOS ya madereva. Nimekuta jina la mwanamke tuliyeachana zamani za kale. Asante.

MAMA MAKANDE

Jamani Dereva! 😂

TRAFIKI MSTAAFU

Mleta uzi, pole sana. Nimekuwa nikisoma tu tangu uzi uanze, nimeshindwa kuandika. Mimi nimechora ramani za ajali miaka ishirini na mbili, na najua mtu anayeshika sifuri huwa hamtazami, unatazama namba. Naomba nikuulize jambo la kiofisi, usinielewe vibaya. Kile kipimo mlikimaliza?

FUNDI FUTI

Sijakuelewa vibaya, afande.

Alikimaliza mwingine alfajiri, ramani rasmi ina mkono wake. Yangu ya kwanza iko kwenye kijitabu, nilikikuta mfukoni mwa koti baada ya mazishi. Kalavati nimeipa herufi A. Mwanzo wa breki B. Nimeandika "A hadi B =" halafu hakuna namba.

Mvua imekatika. Kuna mteja mlangoni, nitarudi.